Kompresa ya Sauti: Ikae Njiani, Isikae Kando ya Njia

Ukisikia neno kompresa labda utafikiri juu ya ile mashine ya kujazia upepo matairi. Siyo hiyo. Kompresa tutakayoieleza leo haina upepo wala haingurumi. Ni kisanduku chembamba cha chuma, upana wake inchi 19, kimo chake milimita 44 hivi. Mbele kina vitufe vya kuzungusha na taa ndogo ndogo. Nyuma kina matundu ya kuchomekea nyaya. Kazi yake ni kuibana sauti. Sauti ikizidi mno, kisanduku hiki huishusha chenyewe, bila mtu kukigusa. Nayo haikujengwa ndani ya mikisa: husimama nje, ikaunganishwa kwa waya. Na katika kuiunganisha ndimo watu wengi wanamopotea.

Siku hizi vyombo vya sauti vimeingia vijijini. Kwaya ina mikisa yake na maikrofoni, shule ina spika mbili za siku ya wazazi, kikundi cha akina mama kinakodisha vyombo kwa harusi na misiba. Fedha za vyombo hivi hazikuokotwa. Huyu alitoa debe la mahindi, yule alitoa kuku wawili, mwingine aliuza mkungu wa ndizi. Halafu siku moja mtu apiga ukelele ndani ya maikrofoni, spika yakoroma, kisha yanyamaza. Imeungua. Na hata kabla ya kuungua, wazee walioketi nyuma walikuwa hawajasikia maneno ya bibi aliyesema polepole. Taabu hizi mbili, spika kuungua na wenye sauti ndogo kutosikika, zaweza kusaidiwa na kompresa moja. Lakini dawa ikinywewa vibaya haiponyi. Basi twende polepole, hatua kwa hatua.

TAABU YENYEWE NI IPI?

Tuseme pana mkutano, na maikrofoni ni moja. Kwanza asimama bibi mzee. Sauti yake ni kama ya mtu anayembembeleza mtoto. Kijana wa mikisa ampandishia sauti, na watu wote wamsikia vizuri. Bibi akaa chini. Maikrofoni yatwaliwa na msherehereshaji mwenye kifua kipana, naye aanza na kelele za kuwaamsha watu. Je, kijana atawahi kushusha?

Hawezi. Mkono wa mtu, hata awe mwepesi namna gani, wahitaji karibu sehemu ya tano ya sekunde kuanza kujongea baada ya sikio kusikia. Ukelele hauhitaji muda huo. Hupanda mpaka juu kabisa katika sehemu chache tu za elfu ya sekunde. Kijana anapogusa kitufe, spika imekwisha kupigwa.

Sasa tazama hesabu. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Sauti ikipanda kwa desibeli 3, spika yahitaji nguvu ya umeme karibu mara 2. Ikipanda kwa desibeli 10, yahitaji mara 10. Ikipanda kwa desibeli 20, yahitaji mara 100. Kama sauti ya bibi ilitumia wati 4, ukelele ulio juu yake kwa desibeli 20 utataka wati 400. Spika ya wati 200 itaponaje?

Kwa hiyo vijana wengi huogopa, wakaiacha sauti chini siku zote. Spika zapona, lakini bibi hasikiki. Hapo chombo kilichonunuliwa kwa fedha za wote kinawatumikia wenye vifua vipana tu.

KOMPRESA YATOKA WAPI?

Taabu hii si yetu peke yetu. Watu wa redio waliipata zamani. Mtangazaji akipaza sauti kupita kiasi, mtambo wa kurushia matangazo hushindwa na sauti huharibika. Hapo kwanza fundi alikaa mkono juu ya kitufe, akipandisha na kushusha. Mwaka 1937 kampuni ya Western Electric ya Marekani ilitoa chombo chake cha namba 110, kilichofanya kazi hiyo chenyewe.

Mwaka 1959 alitokea Rein Narma, fundi mzaliwa wa Estonia aliyehamia Marekani, akaunda kompresa ya Fairchild 670, iliyotumika sana katika kazi ya kuchonga sahani za santuri. Ilijaa taa za kioo kama zile za redio za zamani, na uzito wake ulikaribia kilo 30. Mwaka 1967 Bill Putnam alitoa kompresa iitwayo 1176, iliyotumia transista badala ya taa za kioo. Mwaka 1976 kampuni ya dbx, iliyoanzishwa na David Blackmer, ilitoa kompresa ya dbx 160. Tangu hapo vyombo hivi vimezidi kupungua ukubwa na bei, na leo kompresa yenye njia mbili mtu mmoja huibeba kwapani.

Lakini iwe ya kilo 30 au ya kilo 2, kanuni yake ni ile ile: sauti lazima ipite ndani yake, sauti yote, isibaki nyingine kupita pembeni.

GETI LA USHURU

Hapa ndipo penye kosa la wengi. Tuwasikilize mzee wa kamati na kijana wa mikisa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, hilo sanduku tulilolinunua lafanya kazi gani? Jana msherehereshaji kapiga ukelele, na spika zimelia vile vile."

"Nami nimeshangaa, mzee. Taa zake zawaka. Nimelichomeka pale kwenye tundu la AUX, tunapochomeka ile mashine ya mwangwi."

"Na sauti yenyewe yapita njia ipi kwenda kwenye spika?"

"Yapita njia yake ya kila siku. Ila sehemu yake nyingine yakwenda AUX, yapita ndani ya kompresa, halafu yarudi kuchanganyika."

"Ahaa! Mwanangu, lile geti la ushuru wa mazao lingewekwa kwenye kichochoro cha mbuzi, malori ya mahindi yangelipa?"

Kijana acheka. Amekwisha kuelewa.

Nawe msomaji umeelewa. Tundu la AUX ni kichochoro cha kando. Lafaa kwa mwangwi, maana mwangwi ni kitu cha kuongeza, kama chumvi katika mboga: mboga yabaki chunguni, chumvi yaongezwa. Kompresa haiongezi kitu. Kompresa yazuia, na kizuizi hukaa barabarani. Ukiichomeka kwenye AUX, sauti iliyobanwa itarudi, lakini ile isiyobanwa nayo itakuwa imepita njia kuu na ukelele wake wote. Wako mafundi wa studio wanaozichanganya sauti hizo mbili kwa makusudi, lakini hao hawafanyi hivyo kwa kulinda spika. Kwa shida yetu sisi, geti likae njiani.

Tundu la njiani ni lipi? Tazama kila njia ya maikrofoni juu ya mikisa, au nyuma yake. Mikisa nyingi za kadiri zina tundu lililoandikwa INSERT. Hilo ndilo. Sauti ikitoka kwenye maikrofoni hupita kwanza kwenye kitufe cha GAIN kinachoikuza. Kisha hufika kwenye tundu la INSERT. Kisha huenda kwenye vitufe vya besi na sauti nyembamba, halafu kwenye kitelezi, yaani kile kinachosukumwa juu na chini, halafu kwenye amplifaya na spika. Tundu la INSERT likiwa wazi, sauti hupita moja kwa moja. Ukichomeka jeki, barabara hukatwa hapo: sauti yote hutoka nje, huingia kwenye kompresa, nayo hurudi kwa tundu lile lile na kuendelea na safari.

WAYA WENYE MATAWI MAWILI

Utauliza: tundu moja latoaje sauti na kuirudisha? Ni kwa sababu ya jeki ya namna yake. Chukua jeki ya robo inchi uitazame. Yenye mkanda mmoja ina sehemu mbili tu, ncha na shina. Yenye mikanda miwili ina sehemu tatu: ncha, pete ya katikati, na shina. Katika mikisa nyingi sauti hutoka kwa ncha na kurudi kwa pete. Shina ni la waya wa kizuio unaozilinda zote mbili. Ziko mikisa chache, hasa za zamani, zilizogeuza mambo, pete ikatoa na ncha ikapokea. Kwa hiyo soma kwanza kitabu cha mikisa yako.

Basi waya wetu una jeki ya sehemu tatu upande mmoja, na upande wa pili umegawanyika matawi mawili, kila tawi lina jeki yake ya sehemu mbili. Waya huu wauzwa tayari. Tena fundi redio ajuaye kulehemu aweza kuutengeneza hivi: uzi wa ncha aupeleke kwenye ncha ya jeki ya kwanza, uzi wa pete aupeleke kwenye ncha ya jeki ya pili, na nyuzi za kizuio za matawi yote mawili aziunganishe na shina. Kisha funga utepe juu ya kila tawi, uandike kwa wino KWENDA na KURUDI. Kazi hii ya dakika mbili itakuokoa siku ya sherehe, giza likiingia na watu wakikungoja.

Usiufanye waya huu mrefu. Mita 2 au 3 zatosha, maana waya wa namna hii huokota mvumo wa umeme upesi. Kompresa ikae jirani na mikisa.

SASA TUUNGANISHE

Kwanza, zima amplifaya, au spika kama zina amplifaya ndani yake. Shusha vitelezi vyote. Kuchomeka jeki wakati amplifaya inawaka huleta mshindo, na mshindo mmoja waweza kumaliza spika ndogo ya sauti nyembamba.

Pili, chomeka jeki yenye mikanda miwili katika tundu la INSERT la njia ya maikrofoni unayotaka kuilinda.

Tatu, tawi la KWENDA lichomeke nyuma ya kompresa katika tundu la INPUT. Tawi la KURUDI lichomeke katika tundu la OUTPUT. Kumbuka: inayokwenda huingia, inayorudi hutoka. Kama kompresa ina njia mbili, tumia matundu ya njia moja, usichanganye INPUT ya kwanza na OUTPUT ya pili.

Nne, jihadhari na tundu la SIDECHAIN. Kompresa nyingi zinalo nyuma yake, na katika baadhi neno INSERT limeandikwa karibu nalo. Hilo ni la kazi nyingine. Liache wazi.

Tano, tazama kama kuna kibonyezo chenye namba +4 na -10. Hicho huchagua kiasi cha umeme wa sauti ambacho kompresa itategemea. Kipimo cha +4 ni karibu volti 1.23, kipimo cha -10 ni karibu volti 0.32. Angalia kitabu cha mikisa kinasema nini juu ya tundu la INSERT, ukiweke sawasawa.

Sita, washa mikisa, kisha kompresa, na amplifaya iwe ya mwisho. Wakati wa kufunga kazi, amplifaya izimwe ya kwanza.

Usichomeke maikrofoni moja kwa moja ndani ya kompresa. Sauti itokayo kwenye maikrofoni ni ndogo mno, kompresa haitaiona; ni lazima ikuzwe kwanza na GAIN. Wala usichomeke kamwe waya unaotoka kwenye amplifaya kwenda spika. Huo una umeme mwingi mno, utaiunguza kompresa mara moja.

KUIREKEBISHA

Kabla ya kugusa kompresa, rekebisha GAIN ya mikisa. Mwite mwenye kifua kipana aseme kwa nguvu zake zote karibu na maikrofoni. Taa nyekundu ya PEAK isiwake. Ikiwaka, punguza GAIN. Hili ni la lazima, maana GAIN iko kabla ya kompresa. Sauti iliyokwisha kupasuka hapo, kompresa haiwezi kuiponya, kama vile geti lisivyoweza kuziponya nyanya zilizopondeka tangu shambani.

Sasa njoo kwenye kompresa. Kitufe cha THRESHOLD maana yake ni kizingiti. Sauti iliyo chini ya kizingiti hupita salama, haiguswi. Iliyovuka kizingiti hubanwa. Anza kizingiti kikiwa juu kabisa, kisha kishushe polepole huku mwenye nguvu akisema.

Kitufe cha RATIO ni kipimo cha kubana. Ukikiweka 4:1, kila desibeli 4 zinazovuka kizingiti hutoka desibeli 1 tu. Rudi kwenye hesabu yetu. Ukelele wavuka kizingiti kwa desibeli 12. Kompresa yatoa 3, imeshusha 9. Kushuka kwa desibeli 9 ni kama kugawa nguvu kwa 8. Zile wati 400 sasa ni wati 50. Spika imepona! Kwa maneno ya kawaida anza na 3:1; kwa mwimbaji mwenye nguvu jaribu 4:1.

Kitufe cha ATTACK ni wepesi wa kushika, na RELEASE ni wepesi wa kuachia. Kwa maneno ya mtu, kushika katika sehemu 10 za elfu ya sekunde na kuachia katika sehemu 200 za elfu ni mwanzo mzuri. Ukiachia upesi mno, sauti itahema kama mtu aliyepanda mlima. Ukiachia polepole mno, mwenye sauti ndogo anayefuata ataanza kusema huku geti bado limefungwa. Kompresa nyingine zina kibonyezo cha AUTO, na anayeanza kujifunza na akitumie hicho.

Tazama taa za GAIN REDUCTION. Hizo huonyesha sauti imeshushwa desibeli ngapi. Mtu akisema kwa nguvu ya kawaida, zikionyesha 3 mpaka 6, vema. Akipiga ukelele zitazidi, na ndiyo kazi yake. Lakini zikikaa kwenye 15 muda wote, hata kwa msemaji mpole, umeshusha kizingiti mno.

Kama kompresa ina sehemu ya GATE, izime kwanza. Hiyo hufunga sauti zilizo ndogo mno, na watu wetu wa sauti ndogo ndio itakaowameza.

Mwisho wa yote, mwite bibi wa sauti ndogo aseme. Sasa waweza kusukuma kitelezi juu mpaka watu wa nyuma wamsikie, maana unajua kwamba mwenye nguvu akija, geti litamshika. Hii ndiyo siri ya kompresa: GAIN irekebishwe kwa mwenye nguvu, kitelezi kirekebishwe kwa mnyonge, na kompresa isimame katikati yao.

USIPITE KIASI

Kompresa ina kitufe kingine cha kuongeza sauti mwishoni, kwa kawaida huandikwa OUTPUT GAIN. Kiache kwenye 0 mpaka umezoea. Kila desibeli unayoiongeza hapo hukuza pia sauti ya upepo, ya watoto wanaolia, na ile inayotoka kwenye spika na kurudi kwenye maikrofoni. Hapo ndipo mluzi unapoanza. Na mluzi huja hasa watu wanaponyamaza, maana hapo kompresa haibani kitu.

Tena, usidhani kompresa ni kinga kamili ya spika. Ukibana sana kisha ukaongeza sana, sauti yote inakuwa kubwa muda wote, na spika haipati kupumzika. Koili yake hupata joto saa baada ya saa mpaka inaungua polepole, bila ukelele wowote. Chombo cha kulinda kimegeuka chombo cha kuharibu. Basi kiasi ni bora.

KAMA MIKISA HAINA TUNDU LA INSERT

Mikisa nyingi ndogo hazinalo. Usikate tamaa. Kompresa yaweza kukaa kati ya mikisa na amplifaya: waya utoke MAIN OUT ya mikisa, uingie INPUT ya kompresa, halafu waya mwingine utoke OUTPUT uende kwenye amplifaya. Kama mnatumia pande mbili, kushoto na kulia, mtahitaji njia mbili za kompresa, na kibonyezo cha STEREO LINK kibonyezwe ili pande zote zishuke pamoja.

Lakini fahamu kwamba hapo geti limewekwa mahali pasafiripo wote. Ngoma ikilia kwa nguvu, kompresa itashusha na waimbaji pamoja nayo. Kwa hiyo kizingiti kiwe juu, kishike ile mishindo mikubwa tu, na RATIO iwe 10:1 au zaidi.

Ikiwa mikisa yenu ina amplifaya ndani yake, matundu ya spika yasiguswe kabisa kwa kazi hii. Nyingine zina tundu la kutolea sauti kabla ya amplifaya na la kuirudishia. Kitabu chake kitakuonyesha.

MVUMO NA HATARI YA UMEME

Pengine baada ya kuunganisha utasikia mvumo mzito. Mara nyingi sababu yake ni kwamba mikisa inapata umeme hapa na kompresa inapata kule. Vichomeke vyote kwenye soketi moja au ubao mmoja wa soketi. Nyaya za sauti zitenge na nyaya za umeme. Zikilazimika kukutana, zipishane kama msalaba, zisilale sambamba.

Liko jambo moja ambalo watu hulifanya nasi twalikataza kabisa. Ili kuondoa mvumo, wengine hukata pini ya tatu ya plagi, ile ya ardhi. Mvumo waweza kuisha kweli. Lakini pini hiyo ndiyo ipelekayo umeme ardhini hitilafu ikitokea. Ikikatwa, umeme hungoja juu ya chuma cha kompresa, cha mikisa, hata cha maikrofoni, na anayekishika kwa mkono wenye jasho akiwa amesimama juu ya udongo wenye maji aweza kufa. Mvumo hauui mtu. Pini iache.

IKIKATAA

Sauti haitoki kabisa? Badilishana jeki za KWENDA na KURUDI. Ikitokea, ujue mikisa yako ni ya namna ile iliyogeuzwa, nawe ubadilishe maandishi ya utepe. Bado haitoki? Chomoa jeki ya INSERT. Sauti ikirudi, tatizo ni waya au kompresa. Isiporudi, tatizo ni maikrofoni au mikisa.

Sauti yatoka lakini taa za GAIN REDUCTION haziwaki? Kizingiti kiko juu mno, au kibonyezo cha BYPASS kimebonyezwa. Kibonyezo hicho ni rafiki wa anayejifunza. Kibonyeze, sikiliza bila kompresa. Kiachie, sikiliza ukiwa nayo. Sikio lako litakufundisha.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Ninyi wenye vikundi na kamati, msikimbilie dukani. Tazameni kwanza mikisa mliyo nayo. Mikisa nyingi za kidijiti zina kompresa ndani yake tayari, na baadhi ya mikisa ndogo za kawaida zina kitufe kimoja kilichoandikwa COMP. Mkiwa nacho, hamna haja ya sanduku wala waya.

Tena, wafundisheni watu kushika maikrofoni. Mtu aliye mbali nayo kwa sentimita 20 akiisogeza mpaka sentimita 10, sauti yake hupanda karibu desibeli 6, nanyi hamkutoa hata senti. Bibi wa sauti ndogo asiachwe aishike mbali kwa aibu. Kijana amkaribie kwa heshima na kumwonyesha. Msherehereshaji naye aambiwe aiweke mbali kidogo apazapo sauti.

Mkishanunua, chagueni vijana wawili, wa kiume na wa kike, wajifunze pamoja, ili mmoja akisafiri kazi isisimame. Waandike katika daftari kila kitufe kilikaa wapi siku mambo yalipokwenda vizuri. Wafanye jaribio jioni ya kabla ya sherehe, siyo asubuhi watu wakiwa wamekwisha kuketi. Na katika jaribio hilo mmoja aende kuketi nyuma kabisa, kwenye kiti cha yule mzee asiyesikia vizuri. Asipomsikia bibi kutoka pale, kazi bado haijaisha.